Uliza Wote, Halafu Ngoja Bukavu

Msicheke. Nimestaafu, na nina miaka ishirini na sita. Si mimi niliyesema hivyo, ni mwenyekiti wa kamati yetu. Jumamosi iliyopita alisimama mbele ya watu, akanipa soda ya machungwa na karatasi iliyoandikwa "kwa utumishi wa muda mrefu", akasema, "Tunamupongeza mustaafu wetu, Riziki!" Watu wakapiga makofi, mama yangu akapiga vigelegele, na ninyi wanne mliokaa nyuma mkacheka mpaka mmoja akamwaga soda. Niliwaona.

Basi sasa ni haki yangu kuwachosha kidogo. Ninyi wanne ndio mnaochukua ufunguo wa chumba cha kompyuta hapa Base Camp, katika kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, na mimi wiki ijayo niko Mbarara kusoma. Kila mstaafu anaruhusiwa kukaa na kusema "sisi zamani tulikuwa hivi na hivi". Zamani yangu ni ya miaka minne tu, lakini ni yangu. Nimeandika kwenye daftari kwa sababu nikiwaambia kwa mdomo mtaniuliza maswali, na mimi sina subira ya maswali.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kujua kunihusu: sina subira. Nakula ugali ungali na moto, nikiungua naendelea. Jambo la pili linatoka kwa hilo la kwanza: ilibaki kidogo sana nimfanye mama mmoja akose kazi ya uuguzi, kwa sababu ya sekunde nane. Nitawaeleza. Lakini kwanza mjue kile kitu chenyewe, Uliza Wote, kilivyozaliwa.

Ninyi mnaona kisanduku kimoja cheupe. Unaandika neno, unabonyeza, majibu yanakuja. Mnafikiri imekuwa hivyo siku zote. Nilipoanza, mwaka 2011, kulikuwa na fasi nne za kutafuta, kila moja na mlango wake. Ya kwanza ilikuwa seva yetu wenyewe, lile sanduku jeusi chini ya meza, lenye vitabu vya shule na makaratasi ya afya. Ya pili ilikuwa maktaba ya chuo kimoja kule Nyamitanga, Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi, ambayo orodha ya vitabu vyake ilikuwa kwenye tovuti. Ya tatu, ghala moja kubwa ya mtandaoni ya Ulaya yenye maandishi ya kilimo na magonjwa, bure kwa kila mtu. Na ya nne ilikuwa ghala ndogo ya kanisa kule Bukavu. Huko watu wenye moyo walipiga picha madaftari ya zamani ya shule na hospitali za kanisa kule milimani, ukurasa kwa ukurasa, wakaorodhesha majina yaliyomo, wakayaweka kwenye mtandao kabla panya na vita havijayamaliza.

Mtu akija kutafuta kitu, alifungua mlango wa kwanza, akaandika, akangoja, akakosa. Akafungua wa pili, akaandika tena neno lile lile. Akifika wa nne, betri za sola zimeanza kulia. Na mnajua sheria yetu: saa tisa mchana tunazima, hata kama umebakiza herufi moja.

Wazo la kisanduku kimoja lilitoka kwa fundi Tumwesigye. Huyu ni Munyankore, mwenyeji wa Ruti, pembeni mwa Mbarara, ana duka la kutengeneza kompyuta karibu na barabara ya Kabale, na ndiye aliyenifundisha kazi. Kiswahili chake ni cha Uganda, alikiokota sokoni na kwa baba yake aliyekuwa askari, na hakiogopi mtu: mimi, wewe, wao, wote kwake ni "na-". Nilifika kwake na seva mgongoni, nimeifunga na kitenge kama mtoto mchanga, kwa sababu ya vumbi la njia. Wamama wawili ndani ya gari waliniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikasema minne.

Nikamlalamikia fundi juu ya milango minne. Akaweka chini bisibisi, akaniita nyabo, kwao ndiyo mama.

"Nyabo, wewe kama nataka chumvi, na hapana jua duka gani iko nayo, nafanya nini?"

"Naenda duka la kwanza. Kama haiko, naenda la pili."

"Banange! Na chakula nangoja wewe?" Akapiga meza. "Wewe iko na ndugu nne kwa nyumba. Natuma yote mara moja, kila mtu na duka yake. Wewe nakaa, nakunywa chai. Nakuja na chumvi, naweka kwa meza moja. Kwisha."

Hiyo ndiyo Uliza Wote, yote nzima. Kisanduku kinachukua neno lako, kinatuma wajumbe wanne kwa wakati mmoja, kinakusanya walicholeta na kukipanga kwenye ukurasa mmoja. Vitabu vya Kiingereza vinaiita kwa jina refu linalochosha. Sisi tuliita Uliza Wote.

Nilikaa Ruti siku tatu, nikilala kwa dada yake fundi. Somo lake la kwanza lilikuwa hili, na liandikeni: kila tovuti ina mlango wa watu, wenye picha na rangi. Nyingine zina mlango wa pili, wa mashine, ambapo mashine inaiuliza mashine mwenzake bila mapambo. Ukiwepo mlango wa mashine, omba ruhusa, ingia huko. Usipitishe programu yako kwenye mlango wa watu, kwa sababu huo unapakwa rangi mpya kila wakati, na mjumbe wako atapotea sebuleni.

Sikusikia. Mlango wa mashine wa ile ghala ya Ulaya ulihitaji kujaza fomu na kungoja wiki mbili, na mimi wiki mbili nilizitoa wapi? Nikapitia mlango wa watu. Ikafanya kazi vizuri sana kwa mwezi mmoja. Halafu Wazungu wakabadilisha tovuti yao, na kisanduku chetu kikaanza kutoa jibu moja kwa kila swali. Mzee mmoja wa Juru, upande mwingine wa kambi, alikuja kutafuta dawa ya mbuzi anayekohoa. Nikamwandikia, nikabonyeza, nikamsomea jibu bila kufikiri: "Karibu kwenye sura yetu mpya."

Mzee akaniuliza, "Hiyo inapakwa, ao inanywewa?"

Nilijaza fomu siku hiyo hiyo.

Nyamitanga nayo ilikuwa na mlango wa mashine, lakini ufunguo ulikuwa kwa Sista Perpetua, mkuu wa maktaba, mwanamke mwembamba anayetembea bila kutoa sauti hata kidogo. Nilimkuta anapanga vitabu. Nikamweleza kwa haraka, kama kawaida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Mtoto, ukiingiza waya wako kwenye orodha yangu, vitabu vitatoka?"

"Hapana, Sista. Inatoka orodha tu. Majina ya vitabu."

"Na mtu akiona jina la kitabu, hatataka kitabu?"

"Atataka, Sista."

"Basi vitatoka." Akaendelea kupanga. Nilihesabu vitabu kumi na vinne akipanga bila kuniangalia. Kisha akasema, "Kila anayekitaka aje yeye mwenyewe. Nimwone uso. Asitume rafiki, asitume binamu. Nakivale nzima mna mabinamu."

Nikakubali kwa niaba ya Nakivale nzima. Ndiyo maana mpaka leo, kitabu cha Nyamitanga kikitokea kwenye majibu, chini yake kuna maneno "Njoo mwenyewe, usitume mtu." Msiyafute mkisema hayana maana. Huo ni mkataba.

Kitu kingine kabla sijasahau. Watu wetu wanaandika "mihogo". Ulaya wanajua "cassava", Bukavu wanajua "manioc". Mwanzoni wajumbe wangu walibeba neno moja kwa wote wanne, na Ulaya ikatuambia haina kitu juu ya mihogo, na huku imejaa. Kwa hiyo nikaanza lile daftari la maneno, la jalada jekundu, na kila neno nikaliandika mara tatu, kisha nikaliingiza kwenye mashine, ili kila mjumbe aende na lugha ya huko anakokwenda. Magonjwa ya kuku yalinipa kazi kuliko yote. Wamama walikaa hapa wakibishana ile ya kuku kulala shingo inaitwaje, mpaka mmoja akaigiza. Kila mtu akikosa kitu, muulizeni neno lake, ongezeni. Daftari halijai.

Sasa sekunde nane.

Mwanzoni kisanduku kiliwangoja wajumbe wote wanne kabla ya kuonyesha kitu. Mmoja akichelewa, ukurasa unabaki mweupe. Na mtu wetu akiona ukurasa mweupe anafanya nini? Anabonyeza tena. Anabonyeza mara kumi. Kila akibonyeza wanatoka wajumbe wanne wengine, na sasa una wajumbe arobaini wanasukumana mlangoni, seva inapiga kelele kama kinu cha kusaga, na foleni imefika mpaka kwa muuza mandazi. Nikaona nikate. Nikaandika kwenye programu: sekunde nane. Aliyerudi amerudi, ambaye hajarudi tunafunga mlango. Foleni ikaanza kutembea kama maji. Kamati ikanisifu. Nilijiona fundi kweli kweli. Hata Tumwesigye sikumuuliza, ningemuuliza nini?

Ilipita miezi saba. Ndipo akaja Mama Nabintu.

Ninyi mnamjua kwa nguo zake za kazi. Wakati ule mlimjua kama mama wa nyanya, yule wa mwisho kwenye mstari wa soko, anayepanga nyanya nne nne na moja juu. Ni mtu wa milimani kule Kivu ya Kusini, wa familia ya wafugaji, na alisomea uuguzi na kuzalisha kwenye shule ya kanisa. Diploma yake ilibaki kwenye ukuta wa nyumba aliyoikimbia. Miaka mingi alikuwa akisema "mimi ni muuguzi" na watu wakimjibu "ndiyo Mama, na nyanya ni ngapi?"

Wiki ile zahanati moja ya hapa kambini ilikuwa inatafuta muuguzi anayejua Kiswahili chetu na Kifaransa, kwa sababu wamama wa uchungu walikuwa wanajieleza kwa mikono. Mkubwa wa zahanati alimwambia: lete diploma, au karatasi yoyote ya shule yenye jina lako, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Kulikuwa na wengine wawili waliokuwa na karatasi zao mkononi.

Akaja kwangu Jumatatu.

"Riziki, mwanangu. Mama yako ameamuka muzuri?"

"Muzuri, Mama. Andika jina."

"Na ule mugongo wake?"

"Uko afadhali. Jina, Mama, watu wanangoja."

"Na batoto ba dada yako, beko banasoma?"

"Beko banasoma, beko banakula, beko banakua! Jina!"

Akacheka, akaandika jina polepole kwa kidole kimoja. Nikabonyeza. Sekunde nane. *Hakuna kilichopatikana.*

"Haiko, Mama."

Akaangalia yale maandishi kama mtu anayesoma barua ya msiba wa jirani. Akasema aksanti, akaenda. Mimi nikaita anayefuata.

Jumatano akarudi. Alikuwa amekumbuka kwamba Jumatatu aliandika jina la ndoa, na shuleni alikuwa na la kwao. Nikaandika la kwao. Sekunde nane. Haiko. Nikamwambia, na leo naona haya kuliandika hili, nikamwambia, "Mama, pengine hawakupiga picha daftari la darasa lenu. Usijisumbue." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Alhamisi, saa nane na nusu, akarudi mara ya tatu. Zamu hii hakusalimia mtu. Alikaa moja kwa moja kwenye kiti changu mimi, na mimi nikabaki nimesimama.

"Riziki. Niambie muzuri. Ulituma bajumbe bangapi?"

"Wanne, Mama. Kila mara wanne."

"Wa hapa amesema nini?"

"Amesema hakuna."

"Wa Nyamitanga?"

"Hakuna."

"Wa Ulaya?"

"Hakuna. Wote hakuna, Mama, imeandikwa pale."

"Hapana. Sikuuliza bote. Bukavu amesema nini?"

Nikaangalia ukurasa tena. Sikujua Bukavu alisema nini. Kisanduku changu kilikuwa hakisemi nani amejibu nini. Kilikuwa kinasema tu *hakuna*.

Mama Nabintu akanigeukia. "Kwetu, ng'ombe ikipotea, unatuma mutu mu marugo, mu maboma yote ya jirani. Akirudi, hasemi 'haiko'. Akisema 'haiko' tu, baba anamurudisha kwa njia bila kula. Anasema: kwa Gasore nilifika, bamesema habajaiona. Kwa Ruhaya nilifika, bamesema habajaiona. Kwa Sebintu nilikuta hakuna mutu, bote beko mu malisho. Sasa wewe ng'ombe yako utaenda kuitafuta wapi?"

"Kwa Sebintu," nikasema.

"Kwa Sebintu. Sababu pale hakuna mutu alijibu." Akapiga goti lake. "Sasa mimi naambiwa siku tatu 'haiko, haiko'. Nani amesema haiko? Wewe ao Bukavu?"

Foleni yote ilikuwa imesogea karibu. Kulikuwa na wanafunzi watano na baba mmoja wa mihogo, na wote wananiangalia mimi.

Ndani ya seva kuna daftari ambalo mashine inajiandikia yenyewe kila inachofanya. Tumwesigye aliniambia nilisome kila wiki. Sikulisoma hata siku moja, nani ana muda? Nikalifungua pale pale. Nikaona mstari: *Bukavu, muda umekwisha.* Nikapanda juu. *Bukavu, muda umekwisha.* Nikapanda, nikapanda. Kila mstari, kila mtu, kila swali, tangu siku niliyoandika nane. Miezi saba kisanduku changu kiliwaambia watu "hakuna" kwa niaba ya Bukavu, na Bukavu hajafungua mdomo.

Nikampigia fundi simu Ruti.

"Agandi, nyabo!"

"Fundi, Bukavu haijibu, miezi saba haijibu, nifanye nini?"

"Polepole. Wewe naweka sekunde ngapi?"

"Nane."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka nikasikia wateja wake nao wanacheka bila kujua sababu. "Nane! Nyabo, hata mimi kufunga kamba ya kiatu napita nane! Hii watu ya Bukavu natumia setilaiti. Neno yako napanda juu mbinguni, nashuka, mashine yao ni mzee, naamka, navaa suruali, natafuta miwani. Na wewe nagonga mlango, nakimbia!"

"Niweke ngapi?"

"Weka dakika tano. Halafu wewe kaa juu ya mikono yako."

Ilikuwa saa tisa kasoro kumi. Betri ilibaki kidogo. Nikawaambia wanafunzi wazime kompyuta zote isipokuwa moja, ili umeme ubaki kwa Mama. Nilitegemea wagune. Hawakuguna. Walizima na kuja kusimama nyuma yetu, na yule baba wa mihogo akapanda juu ya benchi ili aone.

Nikaandika dakika tano, kisha jina la kwao la Mama, na kabla ya kubonyeza nilifanya kitu kimoja zaidi kwa haraka, mistari michache tu, na kwa kweli ndiyo kazi bora niliyofanya miaka yote minne. Badala ya ukurasa kungoja kimya, nikaufanya uonyeshe mistari minne, kila mjumbe na wake. Nikabonyeza.

*Nakivale: amejibu, hakuna.* Hapo hapo.

*Nyamitanga: amejibu, hakuna.*

*Ulaya: amejibu, hakuna.*

*Bukavu: hajajibu.*

Tukangoja. Nusu dakika. Dakika. Kidole changu kilikuwa kinaenda chenyewe kwenye kitufe, Mama Nabintu akaushika mkono mzima, akauweka juu ya paja lake, akaukandamiza hapo.

"Bukavu analala," akasema mwanafunzi mmoja.

"Bukavu, amka!" akasema mwingine.

"Jibu basi, Bukavu, mama anangoja!" Na baba wa mihogo akaanza kupiga makofi, moja, mbili, moja, mbili, na wote wakafuata, "Bu-ka-vu! Bu-ka-vu!" kama tuko uwanjani na penalti iko mbele. Watu wa soko wakaja dirishani kuuliza nani anacheza.

*Bukavu: amejibu, kimoja.*

Sijawahi kusikia kelele kama ile kwenye chumba kile, na nimekuwa hapa siku ya matokeo ya mtihani.

Nikafungua. Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari, na ilishuka kutoka juu polepole, kipande kama kidole, kinasimama, kipande kingine. Kwanza jina la shule. Mama Nabintu akasema, "Ee." Kisha mwaka. Kisha orodha ya darasa la mwisho, na kwetu Kongo mnajua, orodha ya darasa haifuati herufi. Inafuata nani alipata nyingi na nani alipata kidogo. Jina la kwanza likashuka.

"Bahati!" akapiga kelele Mama Nabintu, akasimama. "Ule muongo! Alikopia kwangu!"

Na chini ya Bahati, namba mbili, mwandiko wa wino wa zamani, jina la Mama Nabintu mwenyewe. Na pembeni, kwa Kifaransa, *distinction*, yaani amefaulu kwa alama za juu.

Watu walimkumbatia. Mwanafunzi mmoja alilia, sijui hata alikuwa anamjua. Mimi nikasema, "Haya, naprinti, naprinti, betri inakufa." Akanishika mkono tena.

"Ngoja. Iache ishuke. Nataka kuona bote."

"Mama, jina lako tumeshalipata!"

"Bote, Riziki."

Ikashuka. Walikuwa ishirini na mmoja. Alimsoma kila mmoja kwa sauti, na kila mmoja alikuwa na habari. Huyu aliimba vizuri. Huyu aliogopa damu, siku ya kwanza alianguka juu ya mugonjwa, mugonjwa mwenyewe njo akamupepea. Huyu alioa mwalimu... hapana, aliolewa na mwalimu, furaha inanichanganya hata ninapoandika. Saa tisa ilipita. Betri ililia, ikalia. Namba ishirini na moja ikafika, akasema, "Basi, bote beko," ndipo akaniachia mkono. Nikaprinti. Karatasi ilipomaliza kutoka, kompyuta ikazima yenyewe.

Niruke mbele kidogo, kwa sababu hapa ndipo palipo na kazi yenu. Jumatatu iliyofuata nilibandika tangazo mlangoni: kila aliyeambiwa "hakuna" na kisanduku hiki kwa miezi saba iliyopita arudi, Riziki anaomba msamaha. Walirudi wengi, wengine na mandazi, wengine na matusi, na tuliuliza upya moja moja. Baba mmoja alipata cheti chake cha ualimu. Mapacha wawili walipata siku yao ya kuzaliwa, na kumbe walikuwa wanaisherehekea mwezi usio wao. Kuhusu Bukavu, Tumwesigye alinionyesha njia nyingine: kwa yule aliye mbali na mzito, usimsumbue kwa kila swali. Mwombe mara moja kwa wiki nakala ya orodha yake yote, iweke hapa, utafute hapa. Ndiyo maana Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani na mtandao umetulia, seva inawaka peke yake. Haijaharibika. Msiizime. Inapokea orodha ya Bukavu.

Na ile mistari minne isitoke kamwe. "Amejibu, hakuna" ni kitu kimoja. "Hajajibu" ni kitu kingine. Someni lile daftari la mashine kila wiki. Mimi nimeshalipia ada ya somo hilo, ninyi mnapata bure.

Turudi kwenye ile Ijumaa. Nilifunga chumba saa nne asubuhi, mara ya kwanza bila kuomba kamati, tukaenda wote wawili. Mama Nabintu alikuwa ametoka sokoni moja kwa moja, kitenge chake kina madoa ya nyanya, na karatasi ameiweka katikati ya Biblia ili isikunjike. Mkubwa wa zahanati, Mganda mmoja mwenye macho ya mtu asiyelala, aliichukua akaishika kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii namba mbili ni wewe?"

"Njo mimi."

Akamwuliza kitu kwa Kifaransa kibovu, akajibiwa kwa Kifaransa kizuri, kirefu, na mikono ikionyesha mtoto akigeuka tumboni. Mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho. Akaweka karatasi mezani kwa heshima.

"Sawa, mama. Wewe nakuja Jumatatu, saa mbili asubuhi. Naanza kazi."

Nilitaka kurukaruka. Lakini Mama Nabintu alikuwa hamwangalii tena. Alikuwa anaangalia mlango ulio nyuma ya mkubwa, kwenye benchi, ambapo wamama watatu wenye matumbo makubwa walikuwa wamekaa, na mmoja wao ameinama, ameuma kona ya kitenge chake.

"Juu ya nini Jumatatu, na leo niko hapa?" akasema.

Akanipa Biblia na karatasi nimshikie, akakunja mikono ya blauzi mpaka juu ya viwiko, akauliza maji ya kunawa yako wapi.